Upana wa Kanzu

Punda wa Obo alinikanyaga Ijumaa, kwenye Usita wa Mui,
kitabu cha stakabadhi kikiwa kwapani
nami nimechelewa, mara ya kwanza kwa miaka ishirini na sita.
Mguu ukatiwa plasta hadi gotini.
Daktari akasema: wiki saba.
Nikamuuliza: wiki saba nitazame nini?

Swabra akanipa simu yake.
"Cheza hii, baba. Haina vita."
Gemu la mtoto mdogo mwenye taa,
na dunia nzima nyeusi tititi kumzunguka.
Pale anapokanyaga pananawiri:
mti, kisima, kizingiti cha nyumba ya mtu.
Asipokanyaga, hapana kitu.
"Si kwamba hapana kitu," binti yangu akanisahihisha,
"ila hujafika."

Nilicheza kwa dharau. Kisha nikacheza.
Usiku wa tatu, plasta ikiwasha, nyumba imelala,
nikaitazama ramani yangu nzima
nikaona ni kamba moja tu:
kutoka nilipoanzia, hadi sokoni, na kurudi.
Sikuwa nimepinda kokote.
Hata kwenye mchezo, jamani,
ambako kupotea ni bure.

Nikageuza stakabadhi, nikachora mji wangu upande wa nyuma.
Nyumba. Msikiti. Gati. Ofisi. Duka la Twaha la tambuu.
Kamba.
Nikapaka wino kote kulikosalia:
Tundani, ninakokusikia kwa majina ya watu.
Gadeni, nilipita na jeneza, macho chini.
Vichochoro vyote vya nyuma ya ngome,
mimi niliyewacheka wageni wakipotea,
nikiwaelekeza kwa kidole, bila kusimama!
Mimi, Mwamu wa mababu saba,
nimeishi ndani ya upana wa kanzu.

Karatasi ilikunywa wino hadi ikatoboka.

Plasta ilitolewa Jumatano.
Sikwenda ofisini. Nilikata kushoto
pale ambapo mguu wenyewe ulitaka kulia.
Kichochoro chembamba, mabega yakapangusa chokaa huku na huku,
na mwanamke akauliza kutoka dirishani,
"Wamtafuta nani?"
Nikakosa jibu. "Napita tu."
Akacheka. "Hapa hapapitiki. Njia yaishia kwangu."
Na kweli: ukuta, asumini, paka watatu,
bomba likidondoka ndani ya sufuria iliyopasuka mkono.
Nikasimama pale kama niliyeonyeshwa hazina,
naye akifikiri, bila shaka, kuwa nimekuja kudai kodi.

Sitaki kusema nimekuwa mtu mwingine.
Bado nahesabu chenji mara mbili.
Bado punda yule sijamsamehe, wala Obo.
Lakini jana, wakati wa chai,
Swabra alikuwa ameinamia simu, uso umekunjika
kama unavyokunjika tangu mama yake afariki,
na mimi, kwa desturi,
nilikuwa nimekwisha nyosha mkono nichukue mkate wa mofa
nipite.

Miaka minne twapishana kwenye ukumbi huu:
salamu, pesa za vocha, chakula ki tayari.
Nikakiona kiza
kikianzia ukingoni mwa kikombe chake.
Sikujua mbele ni kijito au ni ukuta.
Sikuwa na taa yoyote, ila mdomo,
na mdomo wangu umezoea tarakimu.

Nikauliza, "Gemu hili, wewe ulianza kulicheza lini?"

Aliniangalia muda mrefu, kama aangaliaye hesabu
iliyotoka sawa kwa bahati.
"Kule hospitali," akasema. "Usiku. Mama alipokuwa amelala."

Mkate nikaurudisha sahanini.
Akasogea kidogo kwenye mkeka,
akaacha nafasi
ya mtu mmoja na mguu wake mbovu.