Ada ya Kengele Isiyolia

Tarehe tano ya kila mwezi
napanda ngazi za Bi Mwanatumu, kumi na tisa,
ya saba imevunjika pembe,
ya kumi na mbili ina giza hata saa sita ya mchana.
Nina daftari, kalamu, na kiasi kisichobadilika:
shilingi mia sita na hamsini.

"Ndoo, keti. Yeo wanitoza nini?"
"Kengele, Bi."
"Ililia?"
"Haikulia."
"Basi nawe usilie."

Ameivaa shingoni, kidude cheupe
mfano wa kipande cha sabuni kilichokwisha,
kamba moja na hirizi ya mamake.
Hirizi, aniambia, ililipiwa mara moja tu,
kuku na pishi ya mtele,
na haijaishiwa betri hadi hivi leo.

Nikamweleza kama nilivyofunzwa ofisini Langoni:
hulipii mlio, walipia sikio.
Nyuma ya duka la dawa akesha Bwanaheri
na chupa ya kahawa ya tangawizi,
na machela iliyokunjwa nyuma ya mlango,
na vijana wawili wajuao uchochoro upi
punda hulala katikati ya njia.
Akanisikiliza
kama asikilizavyo muuza samaki wa jana.
"Sikio," akasema, "lilikuwa bure."

Akaelekeza kidole ukutani,
pale palipokuwa na mlango wa wikio.
Zamani angegonga sakafu kwa mchi, mara mbili,
na Bi Shekuwe wa nyumba ya pili angevuka
juu ya vichwa vya wapita njia,
bila buibui, mikono bado ina unga:
Kuna nini, weye?
Ada yake kibaba cha sukari
na kusengenywa kidogo.

Shekuwe amekwenda zake. Wanawe waliiuza nyumba.
Mwenyewe mpya huja Disemba, akaondoka Januari,
na wikio limezibwa kwa matofali
na chokaa safi
isiyomjua mtu.

Athmani, mwanawe, yuko Dammam.
Ndiye alipaye. Alikuwa.
Miezi miwili sasa simu yake haileti kitu
ila sauti: Mama, umevaa?
Amevaa.

Kanuni naijua: miezi miwili, kidude hurudi.
Mkobani vimo vitatu tangu asubuhi,
kimoja cha mzee Kupi wa Gadeni
ambaye hadaiwi tena na mtu.
Kamba zao zina alama ya jasho.
Huwa nazifua mwenyewe kabla ya kuzikabidhi,
wala sijaambiwa nizifue.

Nikafungua daftari la Bwanaheri, nipate la kusema.
Jina lake limo mara moja tu, saa tisa na robo usiku:
*Mteja amebonyeza. Nimeuliza, umeanguka?
Mteja amejibu, la, nilitaka kujua
kama pesa zangu nazo zimelala.
Tumezungumza dakika arobaini.
Hakuna dharura.*

Nilimsomea. Hakucheka.
Akaingia msana wa ndani, akakawia,
akarudi na fundo la leso
na kuhesabu juu ya mkeka, noti kwanza, kisha sarafu:
mia nne na thelathini.
"Kilichosalia kiandike."
"Nikiandike wapi, Bi?"
"Hapo hapo mulipoandika hakuna dharura."

Nikaandika. Sikujua ofisini nitasema nini.
Nikaaga, nikashuka nikijumlisha kichwani
mia nne na thelathini, na zangu, na siku ngapi hadi mshahara,
na ngazi ya kumi na mbili nikaisahau.
Daftari lilitangulia.
Mimi nikafuata kwa goti na kiwiko.

Kabla sijakusanya pumzi,
juu kule mkeka ulisugua, kanda mbili zikapiga sakafu:
"Umeanguka?"
"La, Bi. Nimeteleza tu."
"Umeumia?"
"Sikuumia."

Kimya kidogo. Nilimsikia anavyosikiliza.
"Haya, enda," akasema. "Hiyo sikutozi."