Mkwaju wa Mwanzo

Saa sita za usiku, Langoni.
Jenereta ya jirani imekohoa, ikanyamaza.
Betri ya akiba inanipa dakika arobaini.
Mbele ya kioo cheusi naandika: tar.
Si tari ya maulidi, haina ngozi ya mbuzi,
lakini nayo hukusanya watu.

Naufungasha mzizi mzima:
mipangilio, nywila, daftari la zahanati
lenye watoto elfu tatu na mia mbili,
tarehe, uzito, jina la mkunga.
Naiamuru ishike na idhini za kila faili,
nani mwenye nyumba, nani asome asiguse;
mali ikirudi bila mwenyewe huzua kesi.

Vya kuacha nje navitaja kimoja kimoja:
proc, sys, tmp,
pumzi ya mashine, kivuli chake, taka za mchana.
Na diski hii hii ninayoimiminia,
nisije nikatia kapu ndani ya kapu lenyewe.

Kisha tar inanijulisha:
inaondoa mkwaju wa mwanzo,
ule mstari ulioinama mbele ya majina.
Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliogopa,
nikadhani inakata mti.
Kumbe ni adabu.
Siku ya kurudishwa, kitu kisijimwage
juu ya mzizi ulio hai;
kikae dakani kwanza,
kingoje kukaribishwa.

Baba yangu alikuwa na daftari moja tu.
Wino mzuri, mwandiko wa kulala,
vizazi vya mtaa mzima.
Mchwa waliingilia mgongoni.
Tulipolifungua lilikuwa jalada na vumbi,
na dada yangu Mwanakheri hadi leo
hana siku yake. Pasipoti ilimpa
Januari mosi, kama wengi.

Giga kumi na moja. Gzip imezikamua.
Bado siamini.
Nakala isiyowahi kufunguliwa
ni barua ya mchumba aliye mbali.
Nachomoa faili moja, yoyote, naiweka kando:
mtoto wa kike, kilo mbili na nusu,
kabla ya adhana ya alfajiri,
mkunga Rukiya Famau.
Yupo. Hata ile nusu ipo.

Diski moja italala kabatini
na hewa hii ya chumvi inayokula bawaba.
Ya pili Badi ataivusha Mokowe asubuhi,
ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko.
Nimemwambia mara mbili:
usiiweke na samaki.

Betri inalia.
Nazima.