Bi Somoe Anachelewa

Dadi Chitanda aliingia na kompyuta kwapani
kama mtu anayempeleka kuku mgonjwa kwa bwana mifugo.
Akaiweka mezani pangu, kati ya chaji zilizokufa
na redio ya mwalimu asiyerudi tangu msimu wa korosho uliopita.
"Mama anachelewa," akasema.

Nikafungua katikati. Picha safi, safi ya kutisha:
unauona uzi uliokatika kwenye pindo la kanga,
unaliona vumbi jekundu la Newala ndani ya kucha.
Bi Somoe yuko mkekani, anabangua korosho.
Jiwe linashuka. Ganda linapasuka. Kimya.
Mkono umeshaokota korosho nyingine,
ndipo: ta.
Anacheka kwa meno yake matatu,
na cheko linafika nyuma yake,
linamkuta keshanuna.

Utotoni nilisimama ukingoni, Shimo la Mungu,
nikamwona mtu kule bondeni, mdogo kama sisimizi, anakata mti.
Shoka lilikuwa limeshapanda tena
pigo la kwanza liliponifikia.
Nikajua mapema: sauti hutembea kwa miguu.

Lakini huyu yuko shubiri moja kutoka puani kwangu.

Swali ni moja, na wengi hulisahau:
anachelewa kiasi kilekile, au anazidi kubaki?
Kama ni kilekile, dawa ni kitufe tu,
unaisogeza sauti milisekunde hamsini, hamsini tena,
kama mtoto kwenye foleni ya maji.
Akizidi kubaki, ugonjwa uko kwenye damu.

Dakika ya kwanza: kufumba jicho.
Dakika ya kumi: sekunde nzima.
Dakika ya thelathini anasimulia mwaka wa mihogo michungu
na midomo yake inamtaja mtu
ambaye masikio hayajamfikia.

Nikashuku mashine. Feni ilikuwa inavuma kama mtu mwenye pumu,
nikafunga kila kilichokuwa wazi, hata kalenda.
Nikalihamishia faili kwangu. Hali ni ileile.
Basi ni simu ya Faraji, mpwa aliyerekodi.
Ilipopata joto ikawa inaiba picha:
thelathini kwa sekunde, ishirini na sita, ishirini na nane,
na sauti, isiyojua wizi, ikaendelea na hatua zake.

Nikalipika upya. Thelathini kila sekunde, bila huruma.
Asilimia tisini na moja, umeme ukakatika.
Sitasema nilichosema.
Nikaanza tena.

Alfajiri: jiwe, ganda, ta. Pamoja.
Dadi alivua kofia, akaishika kifuani,
akasahau kuuliza bei, nami nikasahau kuitaja.

Saa tatu usiku, simu.
"Fundi. Amechelewa tena."
"Anazidi?"
"Hapana. Kidogo. Kidogo kilekile, mwanzo hadi mwisho."
Nikafikiri.
"Mnasikilizia nini?"
"Spika ya blututhi, ile nyekundu. Tumeiweka dirishani,
watu wamejaa hadi uani. Leo ni arobaini yake."
"Hiyo ndiyo inayomchelewesha. Izime."
"Ya kompyuta ni ndogo, fundi. Hawatasikia."
"Wasogee."

Nikasikia mikeka ikiburutwa,
mtoto akikemewa, mtu akisema pisha, pisha hapo,
sufuria ikipinduliwa na kulaaniwa kwa Kimakonde.
Kisha watu wote wakapungua, wakawa pumzi.

Na huko mbali, kwenye sikio langu: ta.
Kama lilikuwa pamoja na jiwe, sijui. Mimi sikuwa naona.
Hakuna aliyeniambia. Dadi alisahau kukata simu.
Ilikaa hivyo dakika kumi na nne,
ta, na ta, na sauti ya mwanamke ikiomba aletewe ungo,
mpaka vocha yake ikaisha.