Chausiku na Somo Yake

Bi Siwazuri alinikabidhi daftari la kaunta,
limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli,
linanuka vitunguu vya sokoni Buguruni.
"Liingize kwenye hiyo mashine yako," alisema,
"na usinipotezee mtu."

Nikaandika safu.
Jina, kiasi. Jina, kiasi.
Wanachama thelathini na mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake,
kama ndoo kwenye bomba la Malapa.
Safu ina adabu yake: inajua nani katangulia,
wa sifuri, wa kwanza, wa pili,
maana Javaskripti huanza kuhesabu kabla ya moja,
kama bibi anayemhesabu mjukuu tangu tumboni.
Lakini ukiiuliza, "Mwavita ameweka ngapi?"
itakupitisha mlango kwa mlango, unapiga hodi.

Basi usiku ule, feni inakwaruza, Luku imebaki uniti mbili,
nikaivunja foleni, nikajenga nyumba:
kila jina ufunguo,
kila ufunguo na chumba chake,
na ndani ya chumba, fedha.
Mwavita! Elfu themanini.
Sikujua! Elfu kumi na mbili, na faini ya kuchelewa.
Jibu linatoka kabla sijafunga mdomo.
Nikajiona fundi.

Mwisho wa mwezi ikafika zamu ya kugawana.
Vyumba havijipangi kwa uzito wa fedha,
nikawatoa wote tena uani, wawili wawili,
jina limeshika mkono wa kiasi chake,
nikawapanga, mwenye nyingi mbele.
Nikahesabu.
Thelathini.

Nikahesabu tena, kwa kidole juu ya kioo.
Thelathini.
Elfu arobaini na tano hazipo,
na mashine haikulalamika, haikupiga hata chafya.
Mali bila daftari hupotea bila habari, tulifundishwa.
Hii ilipotea ikiwa na daftari, na nakala yake.

Asubuhi Bi Siwazuri hakutazama kioo.
Alilamba kidole, akafunua karatasi ya saba.
"Chausiku wa mihogo yuko wapi?"
Nikamwonyesha Chausiku.
"Huyo wa dagaa. Huoni nimemchorea samaki?"
Kweli: kisamaki cha wino wa bluu, kina na jicho.

Mimi nilikuwa nimeandika Chausiku, kisha Chausiku.
Ufunguo mmoja, mlango mmoja:
aliyekuja nyuma akaketi kwenye kiti cha aliyetangulia
na kiti hakikusema neno.
Somo kammeza somo yake.
Somo nikalipata mimi.

"Wote wamezaliwa usiku," alisema Bi Siwazuri,
"lakini si usiku mmoja."

Nyumba sikuibomoa.
Ndani ya chumba cha Chausiku nimeweka benchi,
safu fupi ya watu wawili:
wa sifuri, mihogo; wa kwanza, dagaa.
Mwavita na Sikujua nao wana mabenchi,
kila mmoja amekaa peke yake, nafasi imebaki pembeni,
kwa sababu Buguruni haijachoka kuzaa majina yale yale.

Hesabu sasa inafunga, hadi shilingi.
Bi Siwazuri bado haniamini.
Kila Jumamosi huja na daftari lake kwapani,
ananisomea majina, mimi naitikia,
na leo, akiwa ameshavaa kandambili aondoke,
aligeuka akaniuliza
kama mashine yangu inajua kuchora samaki.