Upande wa Kulia

Kaja na kurasa nne, kalamu ya bluu,
mistari imebanana kama foleni ya sukari.
Mwanzo: "Kwa Mungu aonaye yote."
Nikamwambia, Mama, Mungu hana kisanduku hapa.
Fomu ni ya Tume. Inauliza wewe nani,
unamlalamikia nani, lini, kwa lipi.

Ndeanansia Tarimo. Miaka kumi na tisa
meza ya kuchambulia kahawa, kiwandani ng'ambo ya reli.
Punje iliyotobolewa na mdudu
huijua kabla haijafika kidoleni.
Basi tuchambue, nikasema.

"Wamenifanya kama mbwa." Toa.
"Roho ya yule meneja imeoza." Toa, hata kama ni kweli.
"Kila mtu anajua." Nani? Jina lake, na simu.
"Siku ile." Siku ipi?

Akaitazama feni ya stesheneri yangu,
akahesabu kwa misiba:
shemeji tulimzika Jumamosi, hapo ikaja Jumanne.
Tarehe kumi na moja Machi. Andika.

Siku sitini kisheria. Zimebaki nne.

Nikauliza: alitamka maneno gani hasa?
Kimya. Nikadhani ni masika juu ya bati.
Nikauliza tena. Anapekua mkoba.
Nikapandisha sauti, mteja wa fotokopi akageuka,
ndipo nikatambua: nusu saa nzima
nimekaa kushotoni kwake.

Sikuomba radhi. Nilihamisha kiti,
na kibodi, na waya wake mfupi, na chai iliyopoa.

"Tarehe 11 Machi niliomba nafasi ya msimamizi wa zamu.
Meneja, Bwana Kiwelu, alinijibu mbele ya Apaikunda na Herieli:
'Kiziwi hasimamii watu.'
Sikio langu la kushoto liliharibikia kazini,
kwenye mashine ya kukoboa, mwaka 2014.
Cheti cha hospitali nimeambatisha.
Nafasi alipewa mwenye miezi mitano kazini."

Akaisoma mara tatu, midomo ikitembea.
Mbona hivi ndivyo inauma zaidi? akasema.
Sikuwa na jibu. Nikabonyeza chapa,
nakala tatu, ya pili ikakwama kwenye roli.

Akasaini polepole, jina zima, herufi kwa herufi.
Akalipa elfu mbili, chenji akakataa.
Nilipoziinua zile kurasa nne kuelekea ndoo ya taka,
akanishika mkono:

Lete. Hizo zina mwenyewe.
Ofisini kwake hawahesabu sitini.