Kadi ya Erlend Flett

Kadi yako huishiki wewe.
Anaishika mwenzio, nawe unaishika yake,
kama watu wanaokopeshana bila shahidi.

Jumamosi ile, Orkney, mvua ikitupiga ubavuni,
nilimwandikia Erlend Flett, fundi bomba,
miaka thelathini na moja klabuni, kombe hajashika.

Shimo la saba mpira wake ulilala kwenye nyasi ndefu.
Nilikuwa nimempa kisogo, napangusa miwani.
Akapiga. Akasukuma. Ukatumbukia.
"Nne," nikasema.
"Tano. Ulitikisika nilipogusa majani."
"Kiasi gani?"
Akanionyesha kwa kidole na gumba:
punje ya shayiri ingepita hapo kwa taabu.

Walioona ni kondoo wa Bi Isbister tu,
na kondoo hawatii sahihi.
Nikaandika tano. Penseli ikachana karatasi iliyolowa.

Jioni kombe likaenda kwa kijana wa benki,
kwa pigo moja.
Erlend alipiga makofi kutushinda sote,
kofia kaivua mlangoni, ilivyo sheria,
kisha akaagiza supu, akauliza kama mkate ungalipo.

Mimi supu haikupita.
Nilikuwa shimo la tatu bado,
chini mchangani, asikoniona,
fimbo yangu ikigusa mchanga kabla ya pigo.
"Nne," nilimwambia nilipopanda.
Akaandika, hakuinua hata macho.

Na reki nilishaipitisha,
taratibu, kama adabu ya uwanja itakavyo,
hata pasibaki alama.