Kamba ya Mlingoti

Walipoishusha bendera ya mabwana wa watumwa
pale mahakamani, Carolina Kusini,
tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha.
Leo iko makumbusho: kabati la kioo,
kufuli mbili, mlinzi wa zamu.

Bi Odessa hakuja.
Alikuwa akiloweka fulana ya Tavaris,
ile waliyoirudisha polisi, tundu moja mgongoni.
Mtoto alikosea nyumba, akabisha hodi.
"Niliogopa," mwenye nyumba alisema.
Wakamwelewa.

Bastola yake imo drooni, kando ya vijiko.
Haina kufuli.

Usiku, upepo ukivuma,
kamba tupu hugonga mlingoti:
ngo. Ngo. Ngo.
Bi Odessa huinuka kitandani
kwenda kufungua.